N ya Ndiyo

Jumatatu, 4 Machi

Namshukuru Mungu kwa kunipa shangazi mwenye studio ya picha. Leo katutangazia, mimi na binamu: atakayerahisisha kazi ya kompyuta ndiye atakayekalia kiti cha kuzunguka, kile cha mbele penye feni. Mwingine atashika taa na kuwachekesha watoto. Binamu akatabasamu. Ana cheti cha kompyuta. Mimi nina akili!

Mpango: programu ndogo ya dirisha jeusi. Shangazi hapendi kipanya, anasema kinamkimbia. Sasa atabonyeza herufi moja tu. C, picha zinachapwa. H, zinahifadhiwa. F, zinafutwa. Hata Enter haihitajiki! Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakuiona programu yangu.

Jumanne, 5 Machi

Aibu. Ukibonyeza C, inachapa. H, inachapa. F, inachapa! Mteja wa picha za pasipoti kaondoka na sura yake ya kugawia ukoo mzima. Binamu kaeleza, bila kuulizwa, kwamba mashine huipa kila herufi namba, C moja, H mbili, F tatu, na ukiiuliza kama ni moja, yenyewe huelewa moja au zaidi. Kwa hiyo mbili imo, tatu imo. Nianze kuuliza namba kubwa, kisha nishuke. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima tu.

Nimegeuza. Imekubali! Asante, binamu. (Hapa tu, hatasoma.)

Kwenye F nimeongeza swali: Una hakika? Herufi za kujibia sikuzitaja, uvivu. Mashine ikajiwekea zake, Y na N. Sawa tu. N naijua.

Jumatano, 6 Machi

Shangazi kalalamika kompyuta imejaa. Binamu ana folda kubwa, kaiandika USIGUSE. Nani asiyejua ni picha zake mwenyewe kavaa miwani? Nikasubiri atoke, nikaichagua. F. Una hakika? Sijawahi kuwa na hakika hivi. N! Menyu ikarudi kimya, kwa adabu. Nimepiga mluzi mpaka jioni.

Alhamisi, 7 Machi

Bibi harusi kaja na mama yake kuchukua picha za harusi. Binamu kasema ziko ndani ya USIGUSE, kaziweka humo ili zisiguswe. Kwenye kamera keshazifuta.

Bibi harusi alitaka kwanza ile ya babu yake akicheka, maana mzee hajawahi kucheka mbele ya kamera. Nikaomba kwenda msalani. Shangazi akakataa, akaniambia nifungue mwenyewe.

Nikafungua. Zote zipo! Babu huyo, meno yote matatu nje. Nikalia. Bibi harusi naye akalia, akanishukuru kwa kuijali familia yake. Mungu si Athumani!

Baadaye nikaelewa. N ya mashine ni ya Kizungu, ni ya kukataa. Mimi nilibonyeza N ya Ndiyo. Shangazi nimemwambia hiyo ni kufuli niliyoitega makusudi: akiulizwa kama ana hakika, abonyeze N, hakitapotea kitu. Kanikabidhi kiti palepale. Hata binamu kanipa mkono. Nawapenda wote.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekaa. Nimezunguka. Feni yote yangu. Shangazi kaikariri N yake, sasa haisomi hata skrini, anaimba tu. Wema kama huu haulipwi kwa maneno. Kwa hiyo asubuhi nimemwandalia zawadi: nimeondoa Kizungu chote. N sasa ni Ndiyo, H ni Hapana. Kiswahili safi! Sijamwambia, nataka aifurahie mwenyewe.

Mama wa bibi harusi karudi kuongeza nakala za babu. Nimempisha shangazi kiti, nimekuja chumba cha nyuma kunywa chai. Nasikia anamsifia mgeni kufuli yangu. Kasema atamwonyesha inavyofanya kazi, kwa picha zake hizo hizo za harusi, ili aamini. Ananisifu kwa jina kabisa! Sasa anamwambia mama wa watu abonyeze N mwenyewe, wala asiogope.