Orodha ya Nne

Asilimia aliingia kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi kutafuta kijimpira cha bomba, akatoka na duka zima mfukoni. Angalau ndivyo alivyojiambia akiwa barabarani, na mwongo hakosi wa kumwamini: wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Watu walimwita Asilimia kwa sababu hakuweza hata kujibu habari za asubuhi bila kutia hesabu. "Nimeamka salama kwa asilimia tisini na saba, bosi." Hizo tatu zilizobaki ndizo zilizokuwa zikimlisha mjini: leo mtaalamu wa visima, kesho wakala wa viwanja, keshokutwa mshauri wa ndoa za watu, na yeye mwenyewe hajawahi kuoa.

Siku hiyo alimkuta mwenye duka anapiga kelele mpaka makopo ya rangi yanatetemeka. Mwenye duka jina lake la mtaani ni Hapungui. Inasemekana mama yake mzazi alipokuja kununua kitasa, alichopunguziwa ni maneno tu.

"Jana fundi rangi kauziwa kwa bei ya rejareja, kakimbilia duka la ng'ambo! Leo mtu wa misumari kumi kauziwa kwa bei ya jumla! Shemeji, bei zangu zimekuwa mbuzi wasio na mchungaji!"

Aliyekaripiwa alikuwa mjane wa kaka yake, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekaa nyuma ya kompyuta ya duka hilo miaka kumi na sita. Duka zima lilimwita Shemeji, hata wapakuzi wa saruji.

"Bidhaa zako ni elfu nne," alijibu bila kuinua kichwa, "orodha za bei ni tatu, ya rejareja, ya jumla na ya mafundi, na kila Jumatatu unataka zote zibadilike. Mimi macho yangu ni mawili."

Asilimia alisahau kijimpira. Alinusa harufu aliyoijua vizuri kuliko harufu ya chakula: harufu ya mtu mwenye mali na hasira kwa wakati mmoja.

"Tajiri, samahani kuingilia," alisema. "Ugonjwa wako si bei. Ni orodha."

"Wewe nani?"

Asilimia alichomoa kadi kutoka mfuko wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na zile za visima. Iliandikwa *Mtaalamu wa Bei*, na chini yake ubeti alioutunga mwenyewe:

*Bei ni mwali wa ndani, hatoki asipopambwa.*

"Hizi orodha zako tatu zinajua bidhaa," aliendelea. "Mimi nitakuwekea inayomjua mteja. Akiingia mtu wa viatu vya ghali, mashine inamsoma mfuko kabla hajakusalimia, inampa bei yake peke yake."

Hapungui alisogea karibu. "Inamsoma mpaka ndani?"

"Mpaka chenji."

"Na wewe gharama yako?"

"Wiki ya kwanza bure, tajiri. Ukiridhika ndiyo tuongee."

Msomaji, tamaa ni mlango usio na komeo, na neno *bure* halibishi hodi. Mchana huohuo Asilimia alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, kakunja mikono ya shati, neno la siri la duka kapewa kwenye karatasi.

Shemeji alivuta kiti karibu. "Swali moja, mtaalamu. Bati tunauza zima, la futi kumi, na wanaoziba viraka tunawakatia kwa futi. Kwenye orodha yako kipimo kinakaa wapi?"

"Kuna safu yake pale, Shemeji, lakini hayo ni mambo madogo. Sisi tuangalie bei."

"Mambo madogo," Shemeji alirudia taratibu, kama mtu anayeweka kitu kabatini.

Asilimia akainama kwa Hapungui, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka stoo: "Mashine ikikaa sawa, huyu mama unaweza kumpumzisha. Kwa asilimia mia."

Shemeji alisafisha miwani yake.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, tumpe haki yake. Asilimia alitengeneza orodha ya nne. Aliipa jina la kutisha: MAJARIBIO, USIGUSE. Ndani yake aliweka mteja mmoja, kampuni ya ujenzi isiyo na ofisi, mhandisi wala koleo. Aliweka bidhaa moja, bati, ambalo kila mtu alinunua kwa elfu kumi; kampuni ile ilipewa kwa elfu nne. Na aliipa siku moja ya kuishi: Alhamisi, kuanzia kufungua duka mpaka kufunga. Baada ya hapo orodha ingejifunga yenyewe na yeye angeifuta. Angenunua mabati mia tatu kwa milioni moja na laki mbili, kwa risiti halali ya mashine halali. Mkandarasi mmoja alikuwa anayasubiri kwa elfu nane kila moja, tena taslimu. Faida ingelingana na mtaji wenyewe, bila kuvunja hata kufuli.

Kulikuwa na tatizo moja: mtaji. Yeye mwenyewe alikuwa na laki tatu. Laki tisa zilizobaki zilikuwa zimekaa kwa dada yake, katika umbo la cherehani.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea. Aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye paa lililotoboka, na mvua ikinyesha alihamisha cherehani kwanza, kitanda baadaye. Ilikuwa cherehani nzito ya umeme, ya kiwandani, na ndiyo iliyomsomesha Asilimia hizo hesabu alizokuwa akizitumia vibaya.

"Dada, hii mashine ina mlio," alimwambia Jumapili. "Nampelekea fundi. Ijumaa inarudi inaimba."

"Mlio gani? Mimi nakaa nayo kutwa sijausikia."

"Ndiyo hatari yake. Wewe umeshauzoea."

Dada alimtazama muda mrefu, macho ya mtu aliyewahi kumbadilisha nepi. "Nina makoti ya wafanyakazi ya kumalizia, kuna mama mmoja wa dukani anayasubiri. Ijumaa, mdogo wangu. Nisipoiona mashine Ijumaa, usije hapa hata kwa kulia."

Duka gani, Asilimia hakuuliza. Mtu wa mipango mikubwa haulizi vitu kama hivyo. Cherehani ilikwenda moja kwa moja kwa mzee wa rehani, aliyempa laki tisa na maneno machache: "Ijumaa adhuhuri. Ikipita dakika moja, nina mnunuzi."

Alhamisi ilipofika, Asilimia aliwahi dukani kabla ya mafagio. Kwa mkono wake mwenyewe aliingiza oda ya kampuni yake: bati, mia tatu. Skrini ikajibu milioni moja na laki mbili, akajisikia kama mtu aliyetajwa jina na mpenzi wake. Akachapa ankara, akailipa kwa simu, akampigia dereva wa lori alete gari. Kisha akakaa ofisini kwa Hapungui, kapewa soda, wanazungumza mambo ya maendeleo.

"Kilichoandikwa na mashine, tajiri, hakina mjadala," alikuwa akisema. "Mteja akilalamika unamwonyesha karatasi. Basi."

"Maneno hayo nitayaandika ukutani," Hapungui alisema.

Simu ya Asilimia ikalia. Alikuwa dereva.

"Bosi, nimeshapakia."

"Vizuri sana. Funga turubai, ondoka."

"Turubai la nini? Mabati thelathini haya, hata upepo hauyaoni."

Soda ilipotea njia. "Mangapi?"

"Thelathini. Nimehesabu mara mbili."

Hapungui alikuwa anamtazama. Asilimia alitabasamu kwa meno yote aliyobarikiwa. "Ndiyo, mama," alisema kwenye simu, "nitakunywa dawa."

"Dawa gani, bosi? Nasema thelathini!"

"Baada ya chakula, mama. Nimekuelewa."

Aliinuka, akaomba radhi, akatembea mpaka kaunta kwa miguu ya watu wawili tofauti. Shemeji alikuwa na nakala ya ankara, kainyoosha juu ya meza kama anayemngojea mgeni.

"Kuna tatizo, mtaalamu?"

"Mimi sina, ila huyu mteja... naona kama kapunjwa. Kalipia mia tatu, kapewa thelathini."

"Kapewa alichoandika." Kidole cha Shemeji kilitambaa juu ya karatasi: bidhaa, bati, idadi, mia tatu, bei, elfu nne. Kisha kikarudi nyuma kwenye safu nyembamba, ile ambayo Asilimia aliiruka kila mara kama mtu anavyoruka mfereji. Pale paliandikwa: *futi*.

"Futi mia tatu," Shemeji alisema. "Bati moja futi kumi. Nigawie, wewe mtu wa hesabu."

Asilimia aligawa. Maisha yake yote hesabu haikuwahi kumuuma hivyo.

Hapungui alitokea nyuma yao, akainyakua karatasi, akaisoma, na uso wake ukang'aa kama bomba jipya. "Futi moja elfu nne? Sisi tunauza elfu moja! Mtaalamu, imemsoma mfuko! Imemsoma kweli! Laki tisa juu kwa juu, asubuhi moja!"

"Tajiri, lakini huyo mteja akirudi kulalamika..."

"Hakina mjadala, si umesema? Na pale juu pameandikwaje?"

Pale juu palikuwa na kibao cha miaka mingi: *Bidhaa ikiuzwa hairudishwi.* Asilimia alikisoma chote mpaka nukta. Angepiga kelele, lakini angepiga akisema nini? Kwamba kampuni iliyoibiwa ni yake, na imeibiwa yeye mwenyewe akijaribu kuiba?

Hapungui alipokwenda kuwatangazia wapakuzi muujiza, Shemeji alishusha sauti.

"Orodha yako niliifungua jana. Umeandika *usiguse*. Baba, mimi nimelea watoto watano. Neno hilo kwangu ni karibu ndani. Mteja wako sijamgusa. Bei yako sijaigusa. Nimegusa jambo dogo tu."

"Ungeniitia polisi ingekuwa nafuu."

"Nikuitie polisi, halafu cherehani ya dada yako itoke vipi?"

Asilimia alishika kaunta. "Unamjua dada yangu?"

"Makoti ya duka hili anashona nani? Jumanne kaja kuniomba radhi yatachelewa, mashine iko kwa fundi, imepelekwa na mdogo wake anayeongea kwa asilimia. Mafundi wa cherehani mji huu ni watatu. Nimewapigia wote. Wa nne nikampigia mzee wa rehani."

Hapungui akarudi, bado anacheka. "Shemeji, leo omba chochote!"

Maneno hayo hayakuwahi kusikika chini ya paa lile, na Shemeji hakuyaacha yapoe. "Makoti ya wafanyakazi. Mlipe mshonaji ya mwaka mzima mbele. Laki tisa."

"Zote?" Kicheko kilikatika katikati. "Mbele?"

"Mwezi ujao anapandisha bei."

Hapungui alishikwa na baridi. Kupandishiwa bei, yeye! Aliziweka mezani mwenyewe, kwa mkono wa mtu anayeng'oa jino lake.

"Kuna na riba ya siku nne ya mzee wa rehani," Shemeji alimwambia Asilimia pembeni. "Saa yako nzuri."

Asilimia aliivua.

"Na malipo yangu, tajiri?" alijaribu mlangoni, maana mfa maji haachi kutapatapa.

"Wiki ya kwanza bure," Hapungui alisema kwa upendo. "Jumatatu uje uwaweke wateja wote kwenye orodha ile."

"Ile inajifunga yenyewe leo jioni, shemeji yangu," mama wa kaunta alisema, akimrudishia Asilimia kadi yake. Nyuma palikuwa na mwandiko wa penseli, umekamilisha ubeti:

*Na kipimo ni shangazi, bila yeye haolewi.*

Mkandarasi aliyataka mabati mia tatu. Ya thelathini alicheka. "Mimi najenga jengo, wewe unaniletea banda la kuku?" Dereva naye hakuwa tayari kuzunguka nayo mji mzima. Palibaki mahali pamoja tu mjini ambapo mabati thelathini yalikuwa na kazi.

Ndiyo maana Jumamosi jua la mchana lilimkuta mtaalamu wa bei juu ya paa la dada yake, misumari mdomoni, anang'oa bati bovu na kupigilia jipya. Chini yake cherehani ilikuwa inaunguruma, haina mlio wowote.

Aliposhuka, sahani ilikuwa mezani imejaa mpaka juu, na ukutani palibandikwa karatasi kubwa yenye mistari iliyonyooka: ORODHA YA BEI. Majirani, sehemu yao. Wateja wapya, sehemu yao. Chini kabisa: *Mdogo Wangu*. Kulala. Maji ya kuoga. Chakula, mia mbili.

Asilimia alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Dada! Chakula mia mbili? Mtaani sahani hii ni elfu mbili! Umepunguza kwa asilimia tisini. Biashara huiwezi, nakupenda bure."

"Kula, mdogo wangu," dada alisema. Alikaa karibu na dirisha, karatasi gotini, penseli mkononi.

Asilimia alikula kama mtu aliyeezeka nyumba. Alikata, akachovya, akameza, akakata tena, na kwenye kona kijimlio kidogo kilikuwa kinamfuata: *chwi. Chwi. Chwi.* Ulipofika kama mara ya ishirini hivi, mkono ukasimama njiani. Ilikuwa penseli. Kila mkono wake ulipopanda, dada alichora mstari.

Akageuka ukutani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Asilimia aliisoma orodha mpaka ukingoni. Kati ya *Chakula* na *mia mbili* kulikuwa na safu nyembamba, imeandikwa kwa herufi nzuri za mtu mwenye miwani iliyofungwa uzi: *kwa tonge*.

Alilirudisha lile la mkononi polepole kuelekea sahani.

"Hilo limeshatoka," dada alisema, akachora mstari. "Bidhaa ikiuzwa hairudishwi."