Tufani ya Mita Nne

Jumatatu, 27 Agosti
Balaa. Leo kwenye klabu yetu ya wazee wa Okinawa tunaoishi Osaka, Kuramoto kasimulia kisulisuli kilichobeba lori huko Oklahoma, alikoishi miaka thelathini. Kina mama wakaacha vijiti vya kulia hewani. Mwenyekiti, Bi Tamaki, akasema Jumamosi, Siku ya Kujikinga na Maafa, jukwaa apewe Kuramoto. Jukwaa langu! Kila mwaka nasimulia tufani iliyong'oa paa letu kisiwani Miyako. Ndiyo siku pekee mjini humu watu wanaposikia habari za Miyako. Nilipolalamika, akasema ya kwangu wanaijua, mzee wangu. Bati likiruka tu, wanajua litatua wapi.

Jumanne, 28 Agosti
Maktaba. Kisulisuli kikubwa: upana nusu kilomita. Dhoruba ya radi: kilomita ishirini na tano, inafunika mji. Tufani: kilomita elfu moja! Nimepiga hesabu. Kisulisuli kikiwa punje ya ufuta, dhoruba ya radi ni mdomo wa bakuli la wali. Tufani ni mita nne. Watu wakiiona kwa macho, jukwaa litarudi.

Jumatano, 29 Agosti
Tufani nitaiunda kwa hirayachi, chapati zetu za maji zenye vitunguu majani, nizipange zishikane. Ndicho chakula cha siku ya tufani kwetu, madirisha yamefungwa na ndani kuna unga tu. Binti yangu Natsue kauliza mita nne nitazipikia wapi, kwa jirani? Akashauri nipunguze. Vipimo havipunguzwi.

Alhamisi, 30 Agosti
Mayai yameisha. Natsue haongei nami. Kwa kipimo changu, nimekwisha kaanga kutoka Osaka hadi Tokyo.

Ijumaa, 31 Agosti
Ukumbini nimetandaza turubai na kupanga tufani, jicho katikati. Bakuli kando. Ufuta nimempa Kuramoto aushike mwenyewe, aone haya. Kisha nikageukia ubao kueleza vipimo. Nilipogeuka tena, wanachama wote walikuwa chini, wamelizunguka turubai, wanakula. Bi Tamaki alikwisha maliza upande wa mashariki. Nikapiga kelele kwamba ule ni upepo! Mtu akaomba sosi ya soya. Hawa wamelelewa hivyo: ukitaja tufani na kuweka hirayachi, mkono unakwenda wenyewe. Nimepima kilichobaki. Kidogo kuliko bakuli.

Kuramoto akanyanyua kidole chenye ufuta. "Mzee mwenzangu, tufani yako imeliwa. Kisulisuli changu hiki hapa, kizima!"

Bi Tamaki, mdomo umejaa, akaamua: jukwaa kwa Kuramoto, jiko kwangu.

Jumamosi, 1 Septemba
Kuramoto kahutubia. Makofi niliyasikia kupitia ukuta. Jikoni, hakuna amani hata kidogo. Kina mama wametoroka hotuba wakanijazia mlango. Mmoja kataka kujua kama mama yangu kule Miyako alitia dagaa kwenye unga. Mwingine kauliza upepo ulikuwa unaliaje siku paa lilipokwenda. Bi Tamaki mwenyewe kavuta kigoda, kakaa, kaniambia haya mzee wangu, leo hatuna haraka, tuambie vizuri kwenu palikuwaje.

Nimewafukuza wote. Mtu anapiga hesabu! Mwakani natumia magodoro. Nitayaazima nyumba kwa nyumba, niwapangie wazee mita nne kamili, sakafuni, baada ya chakula cha mchana. Hakuna atakayeyala.