Safari ya Beni Bila Miguu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Ngiri yangu ya kinena imekataa kurudi ndani. Miaka mitatu nimeisukuma kwa kidole kila jioni, ikatii. Leo imebaki nje, ngumu kama kiazi. Daktari hapa Butembo amesema nipasuliwe Ijumaa, la sivyo utumbo utaoza. Kufa sitaki. Lakini katika chumba kile cha upasuaji anafanya kazi Jemima, dada wa mke wangu Kanyere. Na mtaa wetu wote wa Kimemi unajua kwamba mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi anatoa siri zote.

Siri ninayo moja. Niiandike hapa tu. Mwezi wa Agosti gari alilopanda Jacob, mdogo wao wa mwisho, lilishambuliwa kwenye barabara ya Beni. Jacob hakuonekana tena. Familia ilinituma nikamtafute. Sikwenda. Niliogopa ile barabara. Nilijificha siku nne kwa rafiki yangu, upande wa pili wa mji, nikinywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nikarudi na uso wa huzuni. Nikasema nimeuliza hospitali zote za Beni, hakuna aliyemwona.

Tangu hapo mama mkwe ananiomba nisimulie safari hiyo kila Jumapili. Jana niliongeza askari aliyenigawia maji yake. Mama alilia, akaniwekea paja la kuku.

Jumanne, 7 Oktoba
Mpango mzuri! Nitapasuliwa Beni, ambako Jemima hayupo. Nilifurahi tangu asubuhi hadi saa nne, nikakumbuka kwamba Beni inafikiwa kwa barabara ya Beni. Nikalala nikitazama ukuta. Kanyere akauliza nina nini. Nikajibu kwamba namwaza Jacob. Akanishika mkono, akasema Mungu alimpa mume mwenye moyo. Niliona aibu kwa muda wa dakika mbili hivi.

Jumatano, 8 Oktoba
Mpango wa pili: nipasuliwe bila dawa yoyote. Nimemfuata Gustave, muuguzi wa usingizi. Ni mtu wa Kananga, serikali ilimtuma huku, na hakuna anachokipenda kama kufundisha. Hakucheka. Alinikalisha kwenye benchi.

Alisema zamani ndivyo watu walivyopasuliwa. Mgonjwa alipewa pombe, wanaume wenye nguvu wakamkandamiza, na daktari hodari alikuwa yule mwenye haraka, anayekata mguu kabla hujamaliza kupiga kelele. Wengi walichagua kufa. Halafu daktari mmoja wa meno huko Marekani akajaribu gesi ya kuchekesha mbele ya wanafunzi. Mgonjwa akalia, wanafunzi wakamzomea daktari. Mwaka uliofuata, 1846, mwingine akamvutisha mtu mvuke wa etha, uvimbe ukakatwa shingoni mwake, naye ametulia. Neno lenyewe, anesthésie, limetoka kwa Wagiriki. Maana yake ni kutosikia, kukosa hisia. Gustave alisema jeraha linabaki kuwa jeraha. Kinachoondoka ni mtu wa kulisikia.

Nikauliza kama waliolala wanasema siri. Alisema wengi wanakoroma tu, na wengine wanaimba nyimbo za kanisani. Sikumwamini. Kisha akanitajia rachi: sindano moja mgongoni, chini kote kunakufa ganzi, kichwa kinabaki macho. Mjerumani aliyeianzisha mwaka 1898 alijaribu na msaidizi wake. Msaidizi alipigwa nyundo kwenye goti, hakusikia kitu. Kesho yake wote wawili walikuwa wagonjwa.

Macho wazi, ulimi wangu mikononi mwangu. Nimechagua rachi. Jemima atajuta.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimelazwa. Nimekwisha.

Jana sindano iliingia vizuri. Miguu ikapata joto, kisha ikaondoka. Wakaweka kitambaa mbele ya uso wangu. Nikafunga mdomo kwa nguvu. Nilikuwa sijui desturi ya Gustave. Mashine yake ya kusoma mapigo imeharibika, basi yeye humfuatilia mgonjwa wa rachi kwa mazungumzo. Aliinama karibu na sikio langu. "Papa Vagheni, usinyamaze. Mutu wa rachi anapashwa kusema-sema, ndiyo minajua moyo iko sawa. Unielezee ile voyage ya Beni, Jemima aliniambia juu yake."

Safari ya Beni ninaijua kuliko sala. Nikaanza. Basi, kiti cha dirishani, dereva aliyesali, askari na maji yake. Gustave akashangaa. Wiki hiyo naye alikwenda Beni. Mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna gari lililopita, kila mtu alivuka kwa miguu akiwa na tope hadi magotini. Basi hilo lilipita wapi?

Vyombo vya Jemima vikanyamaza.

Kwa kawaida ningetoka. Nimetoka mahali pengi hivyo. Niliiamuru miguu, na haikuwepo. Nikatafuta uongo mwingine, ukaja nusu. Jemima akasema taratibu, "Beau-frère, shemeji yangu, sema yote." Nikasema yote. Hakuna dawa iliyonilazimisha. Ni hofu tu, na kulala pale nusu mtu.

Jumatano, 15 Oktoba
Kanyere hakuja kugombana. Jumatatu alipanda pikipiki kwenda Beni, peke yake, kwa ile barabara. Hospitali haipiki, na mimi sina wa kuniletea chakula. Mgonjwa wa kitanda cha pili ananimegea fufu bila kunitazama. Ninamwogopea Kanyere. Ninaogopa pia atakachokikuta.

Ijumaa, 17 Oktoba
Amerudi. Alisimama mlangoni, hakukaa.

Jacob alifika hospitali ya Beni akiwa na risasi kwenye nyonga. Aliishi siku tisa. Kabla ya kumlaza kwa upasuaji walimuuliza kama ana ndugu. "Alibaambia: beau-frère yangu iko njiani, anakuja," Kanyere alisema. "Kila siku alikuwa anabaambia vile." Siku nne kati ya hizo tisa ni zile zangu za kasiksi. Parokia ilimzika.

Nililia. Nililia kweli, na jeraha likauma. Kanyere alingoja nimalize. Akasema Jumapili familia inakwenda kuweka msalaba kaburini, na mama anataka niombe msamaha pale pale, mbele ya Jacob. Gustave amelikagua jeraha. Limekauka, naruhusiwa kusafiri.

Jumapili, 19 Oktoba
Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi niko kitandani. Nilimwaga Bétadine, ile dawa nyekundu ya vidonda, kwenye bandeji, ikaonekana vibaya sana, nikasema jeraha limefunguka. Mama mkwe aliitazama bandeji kwa muda mrefu. Kisha akapanda gari.

Leo anga ni jeupe, mvua haipo. Wakirudi nitamuuliza dereva kwa utaratibu: wapi walisimama, daraja lipi lilikuwa bovu, kaburi liko upande gani wa kanisa. Nitaandika kila kitu. Mwakani, mtu akiniuliza kama nilikwenda, sitakosea tena.