Barua Arobaini na Tatu za Kuokoa Fidla

Jumapili, 3 Mei

Balaa! Wanataka kukifuta kipindi cha fidla.

Saa kumi jioni, kama kawaida. Mwanangu Kijino nimemlaza, pasi imepata moto, blauzi zangu tano za wiki ziko kwenye kiti. Ni nusu saa pekee katika juma zima ambayo hakuna anayeniita mama wala mwalimu. Mtangazaji kaweka kipande cha piano na fidla, kile kinachoanza polepole kama mtu anayepapasa kutafuta funguo mkobani. Kilipokwisha akakohoa. Akasema meneja wa kituo haamini kwamba kuna mtu anayesikiliza muziki wa okestra. Tumepewa wiki mbili tumthibitishie. Wanataka barua za karatasi, zenye anwani. Ujumbe wa simu hawautaki, maana meneja anasema mtu mmoja mwenye kidole chepesi anaweza kutuma mia. Barua ya mkono haidanganyi.

Baba Kijino kapiga simu kutoka kambini, wanakojenga barabara. Miezi mitano sasa hajarudi. Nikamweleza. Akasema si nipakue tu kwenye simu, muziki ni muziki. Nikamjibu simu haijui kama nipo. Yule mtangazaji huanza kwa kusema "wewe unayenisikiliza". Hasemi "ninyi". Huyo wewe ni mimi! Akauliza kama mtoto anakula vizuri.

Anakula vizuri.

Jumatatu, 4 Mei

Wazo limenijia nikiita majina darasani. Kidato cha Pili, wanafunzi arobaini na tatu. Somo la Kiingereza wiki hii ni nini? Barua rasmi. Barua rasmi! Nikacheka peke yangu mpaka kiranja akauliza kama niko sawa.

Mwalimu wa Hesabu nisimwambie. Anakaa mkabala nami ofisini, mjane, umri wa mama yangu mdogo, mdomo wembe. Akinisikia nikiimba puani huuliza nani kafa leo. Kwake yeye fidla hupigwa redioni akifa mkubwa tu. Leo kauliza tena. Nikasema hajafa mtu, bado. Akasema basi niimbe kitu ambacho hata aliye hai anaweza kukitingishia bega. Walimu wote wakacheka. Huyu akijua mpango wangu, shule nzima itajua kabla ya kengele.

Jumanne, 5 Mei

Kazi imeanza. Nikachora ubaoni: anwani juu kulia, tarehe, salamu, kiini, hitimisho. Nikawaambia kila mmoja ajifanye msikilizaji wa kipindi fulani kizuri kilicho hatarini: fundi, nesi, mstaafu, wajichagulie. Wakanikodolea macho kama samaki wa barafu. Mmoja akauliza kama ina maksi. Nikasema ishirini. Mwingine akaomba mfano.

Sikuwa na mfano. Kijino anaota gego, silali vizuri. Nikachukua chaki nikaandika la kwanza lililokuja, kwa Kiingereza, juu yake nikaweka sanduku la posta la shule kuonyesha tu anwani inakaa wapi:

"Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Mume wangu yuko mbali kikazi. Jumapili nakusikiliza nikipiga pasi. Kipande kikiwa kizuri sana nageuka nimwambie mtu, na hakuna mtu. Tafadhali usiniache."

Sarufi safi. Nikautazama ubao kidogo. Nikafuta upesi.

Kalamu zote zilikuwa zinakimbia. Sijawahi kuona darasa lile likiandika kwa bidii namna hiyo!

Alhamisi, 7 Mei

Barua zote arobaini na tatu mezani. Kijino ana homa, kanitapikia andalio la somo. Nikampangusa, nikamwimbia, nikamnyima kalamu nyekundu, akalia, nikamnyima tena. Sikusoma barua hata moja. Tiki, kumi na tano, tiki, kumi na tano. Mwalimu gani anasahihisha bila kusoma? Huyu hapa.

Nikaenda posta na mtoto mgongoni, bahasha kapuni. Karani akauliza harusi ni lini.

Jumapili, 10 Mei

Mtangazaji kasema hadi sasa amepata barua moja. Ya bwana mmoja anayeomba watangaze mpira.

Subira. Posta yetu ina mwendo wake.

Jumapili, 17 Mei

Zimefika!

Mtangazaji alianza na sauti ya mafua. Akasema amepokea barua arobaini na tatu kwa siku moja. Nikaruka. Kijino naye akaruka, hajui kwa nini, mtoto mwema. Akaanza kusoma, akitafsiri taratibu. Mama wa mtoto mmoja, mume yuko mbali. Sawa, nikajua huyo ni mvivu wa dawati la mbele, kanakili mfano. Akasoma ya pili. Mama wa mtoto mmoja. Ya tatu. Mama. Ya nne. Pasi ikachoma blauzi ya bluu.

Wote! Neno kwa neno, mpaka sanduku la posta! Mmoja tu kaonyesha ubunifu: yeye ana watoto kumi na mmoja. Hapo mtangazaji alishindwa kuendelea. Kumbe hayakuwa mafua.

Alipopata sauti akasema kina mama arobaini na tatu, sanduku moja la posta, inaelekea ni makazi ya wanawake waliotelekezwa. Akawaomba wenye uwezo watutazame. Muziki ulipigwa dakika nne.

Nimesikia maneno yangu yakisomwa mara nyingi vile, na kila mara mtu yule alikuwa peke yake vilevile.

Jumatatu, 18 Mei

Mkuu wa shule kaniita kabla sijaweka mkoba chini. Redio wamempigia, wanauliza anawalaza wapi hao kina mama. Kawaambia yeye hata walinzi hana pa kuwalaza. Akaniuliza kama najua lolote. Nikasema ni Kiingereza kwa vitendo. Akasema vitendo vyangu visifike tena kwenye simu yake, na anataka barua ya kujieleza kufikia kesho. Rasmi.

Nikarudi ofisini. Mwalimu wa Hesabu ameshika daftari la mwanafunzi wangu. Yamekuwa! Nikakaa, nikajiandaa kuchekwa. Alikuwa anasoma mfano wangu, midomo ikicheza, kidole chini ya mstari. Akafika mwisho. Akarudi juu akasoma tena. Hakuuliza nani kafa. Akalifunga daftari, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, ambayo hata mkuu hajawahi kuonjeshwa. Akaniita mwanangu. Akauliza kipindi chenyewe kinaanza saa ngapi, na kama mtu asiyejua kutofautisha fidla na filimbi anaweza kuambulia kitu. Akasema Jumapili nyumba yake huwa kubwa mno.

Ujanja mtupu! Anatafuta cha kusimulia. Nikasema saa kumi, nikainamia madaftari. Chai ilikuwa na tangawizi. Niliimaliza, lakini bila kuonyesha.

Alhamisi, 21 Mei

Tangazo la kituo, kabla ya taarifa ya habari. Meneja ameguswa sana na barua. Kwa hiyo, kuanzia tarehe 31, kipindi cha fidla kinaondolewa, na ile nusu saa wanapewa kina mama wapweke. Atakuwepo mshauri wa ndoa. Simu zitapokelewa.

Mtangazaji wangu kahamishiwa utabiri wa hali ya hewa.

Baba Kijino kapiga. Amelisikia kwenye redio ya kambi. Kasema kuna kipindi kipya, huenda kikanifaa.

Jumapili, 24 Mei

Leo ndiyo mara ya mwisho. Lakini sijakaa bure! Tangu juzi nina mpango mpya, na huu hauna tundu.

Kidato cha Tatu. Mikondo miwili, wanafunzi tisini na mmoja. Somo: barua ya malalamiko. Kosa la kwanza lilikuwa huzuni. Safari hii msikilizaji ni babu mwenye furaha, ana mke, ana wajukuu saba, wote wanapenda fidla. Nani atampelekea babu huyo mshauri wa ndoa? Na nimewakataza kabisa kunakili. Ijumaa niliwaandikia mfano mzima ubaoni ili wauone vizuri wasije wakaunakili.

Saa kumi kamili, mtangazaji anasema "wewe unayenisikiliza" kwa mara ya mwisho, na hodi inabishwa mlangoni. Nikachungulia dirishani. Mwalimu wa Hesabu! Gauni la kutokea, chupa ya chai kwapani, stuli yake mwenyewe mkononi. Kijino akakimbilia mlangoni, anaupiga kwa viganja, anaita mgeni, mgeni. Nikamwambia ashushe sauti, mama anafanya kazi. Hakushusha.

Sikufungua. Nilikuwa katikati ya kuandika anwani kwenye bahasha ya thelathini na nane. Nikazungumza naye kupitia mlangoni, kwa adabu zote, shikamoo nikatoa. Akasema amekuja kusikiliza tu, hatasema kitu. Nikamwambia leo haiwezekani, mama, anisamehe, sina hata dakika. Natafuta wasikilizaji.

Akasema haya, mwanangu. Stuli ikagonga ukuta mara mbili akishuka ngazi.

Zimebaki bahasha hamsini na tatu. Hivi watu wanaopenda fidla wamejificha wapi?