Sauti ya Mwanamke kwenye Mazishi ya Kuka

Jamani, leo nimejianika mbele ya jeneza.

Tulikuwa tunamzika Kuka, babu yangu, hapa nyumbani upande wa Butere. Senje, dada ya baba, alikuwa na video ya kumuaga kwenye laptopu yake: picha za ujana, na mwisho Kuka mwenyewe akitubariki kwa sauti yake. Nakala moja tu. Laptopu ikakataa kuifungua.

"Wewe si ulisomea kompyuta?" Senje akaniuliza.

Nilisoma masomo ya jioni, nina cheti. (Kiko ukutani, kinaonekana hadi barabarani.) Nikamjibu kama profesa: "Niachie mimi."

Kuna programu huria ya kuonyesha video. Watu wa kujitolea huitengeneza na kuigawa bure. Nikatafuta jina lake, nikabonyeza tovuti ya kwanza. Nembo ileile, rangi ileile. Anwani tu ilikuwa na mkia mrefu kuliko wa tumbili wa msitu wa Buyangu. Ikaniambia nizime kinga ya virusi kwanza. Nikazima. Yaani mwizi anakuomba umfungie mbwa, nawe unakimbia kutafuta mnyororo.

Binamu yangu Nekesa akachungulia. "Hiyo si tovuti yao."

"Nekesa, wewe pika chai."

Nikaishusha, nikaiweka, tukawasha projekta. Kuka akatokea, anatabasamu. Halafu skrini ikawa nyekundu. King'ora. Kisha mwanamke akaanza kufoka kwa Kizungu kwenye spika za mhubiri: usizime, tumekuona, piga simu sasa hivi.

Nilibonyeza kila kitu, hakuna kilichoitika. Nikafunika kamera kwa leso asinione. Niliogopa kweli, jamani: sauti ya Kuka ingezikwa kabla ya Kuka mwenyewe.

Kukhu, bibi yangu, hajui Kizungu. Alichosikia ni mwanamke akipiga kelele siku ya mumewe. Akasimama polepole.

"Huyo ni nani?"

"Ni kompyuta, Kukhu."

"Kompyuta gani inamlilia mzee wangu? Hao wake wa pembeni wanakujanga hivi hivi, siku ya mazishi. Muulize ana watoto wangapi."

Hema zima likageukia geti. Baba mdogo akakimbia kulifunga. Mhubiri akaanza kukemea, sijui pepo, sijui mimi.

Nekesa ndiye aliyechomoa nyaya na kuizima ile mashine. Kisha akatoa flashi mfukoni. "Niliinakili asubuhi," akasema, "niliposikia ni wewe utaishika."

Tukaazima laptopu ya mhubiri. Kuka akatubariki, watu wakalia. Mimi nililia kuliko wafiwa wote. Laptopu ya Senje imefungiwa ndani ya gunia, hakuna anayetaka kulala nayo nyumba moja.

Mkishusha programu, someni anwani mpaka herufi ya mwisho. Na mkinicheka, chekeni polepole: wageni wameshaondoka, lakini Kukhu bado amekaa anaangalia geti.