Ombi la Kuazimwa Mkono wa Kulia

Mururu, Cyangugu
9 Machi 2005

Papa Munyemana, wewe unayetunyoosha viungo,

Pokea salamu zangu. Mimi ni Mutoni, yule aliyepasuliwa bega la kulia mwezi wa Oktoba. Nilipita katika vita viwili kule Bukavu bila mkwaruzo, kisha nikaanguka kutoka kwenye stuli ya jikoni nikimwonyesha jirani jinsi ninavyocheza vizuri. Nalalamika kwa adabu.

1. Uliniagiza nipandishe vidole ukutani kama buibui, nichore alama kwa penseli pale vinapokwama. Alama za wiki sita zimesongamana ndani ya shubiri moja. Mwenye nyumba, Mzee Gasana, amedhani napima urefu wa mtoto. Ameuliza baba yake ni nani, na kwa nini hakui.

2. Uliniagiza niiname nibembeze mkono. Nilibembeza kando ya barabara, zikasimama pikipiki tatu kunibeba. Dereva wa tatu alitaka kuniombea.

3. Jumamosi binamu yangu Larissa anaolewa, na kikundi chetu kitacheza. Ngoma yetu waijua: mikono huinuliwa ikawa pembe za inyambo, wale ng'ombe wa wafalme. Wangu wa kulia unaishia sikioni. Maman Thacienne, kiongozi wetu, alisema mbele ya wote: "Ka ng'ombe ka pembe moja, weye baki nyuma!" Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni. Hapa naitwa Mkongomani hata sokoni, Papa. Ni katika mstari wa mbele tu ambapo hakuna aliyewahi kuniuliza nimetoka wapi.

4. Wewe una mikono miwili mizima, nayo haina kazi ila kuhesabu: "Moja, mbili, kidogo tu, Mutoni." Kwa hiyo naomba Jumamosi uvae mushanana, vazi letu la kike la sherehe, usimame nyuma yangu, unitolee mkono wa kulia. Ndevu tutazifunika.

Ukikataa nitaacha mazoezi yako, maana ni wazi hayafai kitu.

Nisalimie Maman Eugénie anayetuandikisha mlangoni, wagonjwa wote wa benchi, na yule mzee wa goti.

Mwenye pembe moja,
Mutoni

N.B. Nilikuta mlango wako umefungwa. Kwa kuwa mbuzi wa hapo hula karatasi za chini, niliibandika barua juu kabisa ya mlango: mkono wa kushoto umeshika karatasi, wa kulia unagandamiza pini. Nilikwisha fika njia panda ndipo nikashtuka. Nimerudi kuibandua kwa mkono uleule wa kulia, ili niongeze maneno haya. Umeniuma, lakini kidogo tu. Jumamosi njoo, Papa, ila ukae kwenye viti.