Ombi la Kumwondoa Mama Mkwe Kwenye Tumbo Langu

Mheshimiwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukijipikia mwenyewe kwa amani. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye sijambo kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka kwamba mke wako alikuja kwetu kwa wiki moja tu, kuniangalia tumbo. Wiki hiyo, baba, bado inaendelea. Tumbo lenyewe lilikuwa na maambukizi. Daktari wa zahanati alinipa vidonge, nikanywa mpaka nikajisikia nafuu, kisha nikaacha, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili na kazi nyingi. Gesi ikarudi, tena kwa kiburi. Ndipo mama akaja na begi moja la nguo, makapu mawili ya viungo, na kitabu cha Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi, alichoazimwa na jirani yenu muuza vitambaa.

Kwa kuwa mkwe hawezi kumtazama mama mkwe usoni na kujadiliana naye habari za gesi, nakuandikia wewe, mwanamume mwenzangu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Anautia chembe kwenye samli ya moto kabla ya kuunga dengu, anasema unavunja gesi. Sikatai, unavunja. Lakini mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha kushonea ni cha mbele, na jiko liko nyuma ya pazia tu. Suti ya bwana harusi iliyotundikwa hapo ilitoka inanuka dengu. Mwenyewe aliivaa hivyo hivyo, ila nasikia bibi harusi amesimama mbali kidogo kwenye picha zote.

2. Kukalia visigino. Kitabu kinaagiza kwamba baada ya kula mtu apige magoti, akalie visigino na kunyoosha mgongo, ili chakula kishuke vizuri. Mimi hula mchana, na wateja nao huja mchana. Mwenye duka la jirani alinikuta hivyo mbele ya mke wangu aliyekuwa anatoa vyombo, akarudi kinyumenyume. Sasa mtaa mzima unaamini nilifanya kosa kubwa nyumbani na kwamba naomba msamaha kila siku saa saba. Hakuna anayeniuliza ni kosa gani. Wanaume wananishika bega tu na kupita.

3. Njia za mawasiliano. Mama, kwa heshima yake, haniulizi mimi. Hukaa upande wake wa pazia akamwambia binti yake: hebu muulize mwenzio, leo upepo umetoka? Mke wangu hunigeukia akaniuliza upya. Mimi humjibu mke wangu, naye humpelekea mama jibu, ilhali sote tumesikiana tangu mwanzo. Kwa hiyo kila habari ya tumbo langu husemwa mara nne, mbele ya mteja aliyeinua mikono anapimwa kifua. Mwalimu mkuu, mteja wangu wa siku nyingi, haniulizi tena habari za kazi. Ananiuliza habari za upepo.

4. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Nilipokubali mama aje, nilitegemea atagombana na daktari. Hesabu yangu ilikuwa kwamba wao wakivutana, mimi nitapita katikati bila kumeza chochote. Badala yake, siku moja akitafuta sindano, mama alikuta vidonge vyangu vilivyobaki ndani ya kopo la vifungo. Hakunigombeza, angeanzia wapi? Alimwambia binti yake amwambie mwenzake avae viatu. Tukaenda zahanati watatu, mke wangu katikati.

Mama akamtolea daktari kapu zima: tangawizi, binzari nyembamba, shamari, mpaka ule unga wa matunda matatu unaosifiwa na kitabu chake kwa kusafisha tumbo. Daktari akasema unga huo usubiri hadi nimalize dozi mpya, vingine havina neno. Mama akaitikia, tena akaongeza mwenyewe kwamba viungo vyake kazi yao ni kutuliza, vijidudu ni vya daktari. Wakapatana pale pale, baba, mbele yangu, wala hakuna aliyeniuliza maoni. Vidonge nimevimeza vyote, na kila kimoja nimekisindikiza na maji ya shamari.

5. Matokeo. Tumbo limekwisha. Soda ni marufuku. Maharage hulowekwa na maji yake kumwagwa. Chakula cha jioni huliwa mapema, kuku wakiwa bado wanatembea nje. Nalala ubavu wa kushoto, na siku hizi natafuna, jambo ambalo sikuwa na muda nalo. Suruali zote zinanivuka. Sasa niambie, nani atampa kitambaa chake fundi anayekata kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia suruali?

6. Majirani. Watu wanaleta matumbo badala ya vitambaa. Fundi viatu, dereva wa lori na muuza mitumba wamejaa kwenye benchi langu, na mama anawapima viuno kwa futi yangu, kabla na baada ya kula. Mimi nikiihitaji, naiomba kupitia kwa mke wangu. Kwa mwendo huu kibao cha nje kitaandikwa jina lake, cherehani itahamia jikoni, nami nitaanza kujifunza kutwanga binzari nikiwa na mvi.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama uje Jumamosi umchukue, ukisingizia unaumwa, ila chonde usiseme tumbo. Ama unitambue kwa maandishi kuwa msaidizi wake, nipewe aproni. Ningependelea la kwanza.

Nisalimie mashemeji wote, shangazi, na huyo muuza vitambaa; mwambie vitabu vyake vingine abaki navyo. Mke wangu angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Mkweo mtiifu, niliyepungua pande zote,
Fundi

N.B. Baba, barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika la tangawizi. Leo asubuhi majibu ya vipimo nilivyopimwa zahanati baada ya dozi yametoka, vijidudu hakuna tena. Mama aliposikia, akakunja nguo zake, akaweka begi mlangoni. Kisha akaja kwenye pazia, akalisogeza mwenyewe, akaniuliza mimi, bila kumtuma mtu: mwanangu, tumbo linaendeleaje? Nikageuka kumtafuta mke wangu anijibie, kumbe ameenda sokoni. Ikabidi nijibu mwenyewe. Nikamwambia limejaa. Wala sikumdanganya, baba, lilijaa pale nilipoliona lile begi mlangoni, na nilikuwa sijala kitu tangu jana. Amelirudisha begi ndani, anachemsha shamari. Jumamosi njoo, lakini usije kumchukua. Njoo na nguo zako. Na ukipita kwa muuza vitambaa niletee futi nyingine, maana hii nimeshamwachia.